Benki Iliyomzika Nicanor Osewe

Katika miaka ya tisini, mtu aliyefia Kianda alihitaji mambo matatu: jeneza, gari la kumrudisha kwao, na Nicanor Osewe. Bila Osewe, hayo mawili ya kwanza yalikuwa mazungumzo tu.

Kianda ni ule upande wa Kibera unaoegemea mtaa wa Olympic, na wakati ule wapangaji wake wengi walikuwa watu wa pande za Ziwa, magharibi kabisa mwa nchi. Hawa waliweza kuishi Nairobi miaka thelathini bila malalamiko makubwa, lakini kuzikwa Nairobi hawakutaka hata kusikia. Kwa hiyo kila kifo kilikuwa na safari, kila safari ilikuwa na gharama, kila gharama ilikuwa na kamati, na kila kamati ilikuwa na mweka hazina yuleyule. Wenyeviti walibadilika. Makatibu waligombana wakahama. Osewe alibaki, kwa sababu alikuwa na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, na alikitumia kwa kila mtu, hata kwa mlevi aliyetoa shilingi kumi kisha akarudi jioni kuzikopa.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, pesa haiingii bila risiti. Ya pili, rambirambi haikataliwi wala hairudishwi. Hata akija adui wa marehemu, unamkaribisha, unamwacha amalize maneno yake bila kumkata kauli, unapokea, unaandika. Mkewe, Magdaline, alisema kwamba hata mauti yenyewe yakija na bahasha, Osewe atayauliza kwanza jina kamili.

Hiyo ilikuwa kazi ya bure. Kazi ya kula ilikuwa makochi. Aliyatengeneza katika chumba cha pili cha nyumba yake, na alikuwa fundi mzuri, ila mlango wa chumba hicho ulikuwa mwembamba na kichochoro cha nje kilikuwa chembamba zaidi. Kochi la watu watatu halikuweza kutoka likiwa zima. Lilitoka vipande, likabebwa kichwani hadi barabarani, likaunganishwa tena mbele ya mteja, ambaye akishaona limekatwa katikati alishusha bei papo hapo.

"Wewe huuzi kochi, Baba Adhis," Magdaline alimwambia. "Unauza ajali ya kochi."

Ndiyo sababu, mwaka wa tisini na saba, Osewe alipolipenda duka la Mzee Mbuthia kule Kawangware, alilipenda kwa mlango wake. Mzee Simeon Mbuthia alikuwa mwenyeji wa Kawangware tangu ikiwa mashamba. Alipanda mahindi, kisha akapanda vyumba, na vyumba vikazaa kuliko mahindi. Sasa alikuwa na duka tupu kando ya barabara, lenye mlango mpana wa mbao mbili. Osewe hakuuliza kodi. Alitoa futi mfukoni akapima mlango, juu na chini.

"Unanunua mlango ama unakodi duka?" Mbuthia aliuliza.

"Mzee, hapa kochi linatoka zima."

"Litoke, lisitoke, mimi nataka kodi ya miezi mitatu mbele, na neno la benki kwamba wewe ni mtu wa kuaminika. Mwisho wa mwezi. Kuna mtu wa mitumba pia anaitaka hii nyumba, na yeye hapimi kitu."

Osewe aliondoka akipiga mluzi. Kuaminika lilikuwa ndilo jambo pekee alilokuwa nalo kwa wingi. Alikuwa amechukua mkopo wa mbao na sponji katika benki moja ya wafanyabiashara wadogo mjini, akaulipa kila mwezi bila kukosa, na mwezi huo alikuwa amemaliza. Mkopo wa pili ungelipa kodi ya Mbuthia na kubakisha pesa ya vitambaa. Ilibaki tu kwenda kuuomba.

Kwenye kaunta alikuwapo karani mmoja kijana aitwaye Ciru. Aliandika namba ya akaunti kwenye kompyuta, akaitazama skrini, akamtazama Osewe, akairudia skrini. Kisha sauti yake ikawa laini.

"Pole sana."

"Asante. Pole ya nini?"

"Wewe ni nani wake?"

"Wa nani?"

"Wa marehemu."

Osewe, kwa mazoea ya miaka mingi, alivua kofia. "Nani ametuacha?"

"Nicanor Osewe. Mwezi wa nne."

"Alikuwa mgonjwa?" Osewe aliuliza, kabla hajajizuia.

Ilichukua muda kwa pande zote mbili kuelewana. Ciru, ambaye moyo wake ulikuwa mzuri, alikwenda nyuma akarudi na faili, na humo kifo cha Osewe kilionekana waziwazi. Mwezi wa nne alikuwa amefariki Mzee Ageng'o, askari wa usiku wa mtaa wa Nyayo Highrise. Pesa za mazishi zilikuwa katika akaunti ya kamati, kwenye benki hiyohiyo, na ili kuzitoa zote kwa mpigo benki ilitaka kibali cha mazishi. Osewe alileta kibali. Alileta pia nakala ya kitambulisho chake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akizichukua. Mtu fulani alizibana karatasi hizo mbili kwa pini moja na kuzitia katika faili ya mkopo wa Osewe. Mwezi huo benki ilikuwa inahamisha faili zake kwenye kompyuta, na aliyekuwa akizihamisha alikuta picha ya mtu na nyuma yake kibali cha kumzika. Hakuona haja ya kusoma zaidi. Si kila siku faili inajieleza vizuri hivyo.

"Lakini jina kwenye kibali ni Ageng'o," Osewe alisema.

"Ni kweli," Ciru alikubali. "Lakini kompyuta haikuonyeshwa kibali. Ilionyeshwa wewe."

Hayo yangekuwa ya kuchekesha, na Osewe alikuwa ameanza kucheka, mpaka Ciru aliposoma mstari wa chini. Akaunti ya marehemu haipokei malipo. Kila alicholipa tangu mwezi wa nne kilikuwa kimetupwa katika akaunti nyingine, ya pesa zisizo na mwenyewe, na mkopo wake ukahesabiwa kuwa haujaguswa tangu siku hiyo. Kwa hiyo hakuwa marehemu tu. Alikuwa marehemu mwenye deni sugu, na mtu kama huyo hapewi mkopo wa pili.

Osewe akatoa stakabadhi zake za malipo, zote, zikiwa na mihuri ya benki yenyewe, zimefungwa kwa mpira.

"Hizi zinaonyesha kuna mtu alilipa," Ciru alisema kwa huruma. "Meneja atataka kitu cha kuonyesha uko hai. Leta barua ya chifu."

Chifu aliandika kwamba Nicanor Osewe ni mkazi wa Kianda na anajulikana kwake vizuri. Meneja wa benki, mtu mwenye tai fupi na subira fupi zaidi, aliisoma barua akamrudishia.

"Inasema mkazi. Haisemi hai."

Osewe akarudi kwa chifu. Chifu alichukia. "Mwambie huyo meneja mimi siandikii maiti barua. Kwani wewe ulikuja hapa umebebwa?" Na akakataa kuongeza neno.

Meneja akatoa njia ya mwisho. Kulikuwa na fomu ya kusahihisha rekodi ya marehemu, iende makao makuu, ijibiwe baada ya wiki sita au zaidi, na ilipaswa kutiwa sahihi na mrithi. Osewe aliipeleka nyumbani. Magdaline aliisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Mrithi? Nirithi nini, ajali za makochi?"

"Tia sahihi tu, Mama Adhis."

"Nikitia sahihi hapa kwamba mimi ni mrithi wako, si nimekubali umekufa? Halafu wewe utakuwa unalala wapi?"

Osewe aliikunja fomu bila sahihi akairudisha mfukoni. Isitoshe, wiki sita zilikuwa mbali kuliko mwisho wa mwezi.

Siku iliyofuata akaja Khaemba, fundi wa redio wa mlango wa tatu, aliyekuwa mdhamini wa ule mkopo wa kwanza. Alikuwa na barua ya benki. Ilimpa pole kwa kuondokewa na rafiki, na katika aya ya pili ilimtaka alipe deni la rafiki huyo.

"Omera, ndugu yangu," Khaemba alisema, akaketi bila kukaribishwa, "siku ingine ukikufa niambie mapema, nijipange."

"Khaemba, mimi nimelipa yote. Unajua."

"Mimi najua. Lakini hawa wanasema watakuja kuchukua redio. Na zile redio si zangu, ni za watu. Watu wako hai, Osewe, hao nitawaambia nini?"

Mbuthia naye hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshapiga simu benki kuuliza habari za mpangaji wake mtarajiwa, na benki, ambayo kwa wiki nzima ilikuwa haina haraka, ilimjibu palepale. Osewe alipofika Kawangware kuomba aongezewe muda, alimkuta mzee amekaa mbele ya duka tupu, anamenya chungwa.

"Nimeambiwa umekufa."

"Ni makosa yao, mzee."

"Kufa si hoja. Najua watu wengi wazuri wamekufa. Lakini wameniambia umekufa na deni." Akameza kipande. "Jumatano ndiyo mwisho wa mwezi. Jumatano hujaleta karatasi, ninampa mtu wa mitumba ufunguo."

Ndivyo mambo yalivyokuwa Jumamosi ile, alasiri, wakati Osewe alipotoa makochi matatu mapya nje ya nyumba, vipande vipande, akayaunganisha penye uwazi kidogo, ili yapate hewa baada ya kupakwa vanishi miguuni. Majirani wa Kianda hawawezi kuacha kiti kikae bure. Kabla brashi haijakauka makochi yalikuwa yamejaa watu, na kwa kuwa Khaemba alikuwa ameleta redio moja aliyoitengeneza na mpira ulikuwa unatangazwa, wote walikuwa wameinamisha vichwa, kimya, wanasikiliza. Timu yao ilikuwa inafungwa, kwa hiyo nyuso zilikuwa nzito.

Kwa macho ya mtu aliyetoka mjini, huo ulikuwa msiba uliokamilika.

Mtu huyo aliitwa Wambua. Alikuwa afisa wa mikopo, mgeni katika tawi, na idara yake na kaunta ya akina Ciru hazikuwa na mazoea ya kuongea. Benki ilikuwa na utaratibu kwamba mteja akifariki, afisa aende nyumbani na bahasha ya rambirambi, na akiwa huko aandike kwa upole vitu vinavyoweza kuuzwa. Kompyuta ilikuwa imemtolea Wambua orodha ya marehemu wa mwaka huo, na akawa anawatembelea mmoja mmoja.

"Samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ndipo kwa marehemu Osewe?"

Watu walitazamana. Khaemba, aliyekuwa ameomba wiki nzima akutane na mtu wa benki uso kwa uso, alizima redio.

"Ndipo. Karibu ukae, ndugu yangu. Alikufa vibaya sana."

Osewe alitoka mlangoni na brashi mkononi. Alifungua kinywa aseme jambo lililokuwa wazi, lakini Wambua alikuwa ameshasimama katikati, mikono ameikunja mbele, na hotuba imeanza. Hotuba ya rambirambi haikatwi. Osewe alifunga kinywa akainamisha kichwa.

"Benki imepoteza mteja," Wambua alisema. "Mteja mwaminifu. Alilipa kila mwezi bila kukosa, mpaka, eeh, mauti yalipomzuia."

"Woi," akaitikia mama mmoja.

"Tulimtegemea. Tulitarajia kutembea naye mbali."

"Hata sisi," Khaemba alisema. "Hasa mimi."

Magdaline alikuwa amejifunika uso kwa leso na mabega yalikuwa yanamtikisika. Wambua alimwona, sauti ikamlegea. "Mama, jikaze. Mungu ndiye anayepanga." Mabega yakazidi.

Osewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kusifiwa hivyo na benki, na ilimsikitisha kidogo kwamba ilibidi afe kwanza. Wambua akatoa bahasha. Osewe akafuta vanishi vidoleni, akaingia ndani, akarudi na kitabu cha risiti na muhuri wa kamati.

"Anayetoa?"

Wambua alitaja benki yake.

"Kiasi?"

"Elfu mbili."

Osewe akazihesabu. "Kwa ajili ya?"

"Mazishi ya marehemu Nicanor Osewe."

Kalamu ilisita. Magdaline aliondoa leso machoni kuona mumewe atafanya nini. Lakini pesa ilikuwa imeshatolewa kwa moyo safi na ilikuwa imeshapokelewa, na kwa pesa iliyopokelewa Osewe alijua jambo moja tu la kufanya. Aliandika, akatia sahihi, akapiga muhuri, akachana nakala ya juu na kumpa mgeni.

Wambua aliikunja bila kuisoma, akatoa daftari. "Sasa, samahani, ni mambo ya kawaida tu. Haya makochi ni ya marehemu?"

"Ni yake," watu walisema kwa pamoja.

"Yanaweza kuwa ya bei gani?"

"Muulize mwenyewe," Khaemba alisema.

"Mwenyewe nani?"

"Huyo aliyekuandikia risiti."

Wambua akaikunjua risiti akaisoma hadi chini. Kisha akaketi, polepole, kati ya mama mmoja na redio.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu," Osewe alisema.

"Na wewe ni..."

"Nicanor Osewe. Mweka hazina wa kamati. Na kwa upande wenu, marehemu."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi Olympic. Mtu alimletea Wambua chai, akainywa yote. Osewe alimweleza habari yote, ya pini, ya chifu, ya akaunti ya pesa zisizo na mwenyewe. Mwishowe Wambua akamsogelea na kunong'ona kama angeweza kurudishiwa ile bahasha.

"Hapana!" kikasema kichochoro kizima.

"Ningetaka kukusaidia," Osewe alisema, na alimaanisha. "Lakini nimeshaandika. Kamati inakutana kesho baada ya kanisa, unaweza kuja kuuliza, ila nakuambia ukweli: rambirambi haijawahi kurudishwa hapa."

"Sasa wakaguzi wakija nitawaambia nini? Pesa ya benki imekwenda wapi?"

"Waambie ulimpa Nicanor Osewe mkononi, akatia sahihi."

Wambua aliikunjua tena ile risiti. Hakuwa mjinga. Aliitazama risiti mara ya pili, na safari hii aliitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Jumatatu uje benki," alisema. "Niulizie mimi. Na uje na mama."

Jumatatu meneja mwenye tai fupi aliwekewa mezani vitu viwili: risiti ya rambirambi, na kadi ya zamani yenye mfano wa sahihi ya mteja. Wambua hakusema mengi. Alieleza tu kwamba pesa ilikuwa imetoka katika fungu la benki, ilipaswa kuingia katika hesabu za mwezi, na wakaguzi wa makao makuu walikuwa wanakuja Ijumaa. Kama mteja amekufa, basi benki ilikuwa imempa pesa tapeli aliyeiga sahihi yake mchana, mbele ya watu zaidi ya kumi. Kama yuko hai, basi alikuwa amepokea zawadi.

Meneja alilinganisha sahihi. Akamtazama Osewe, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayetazama mtu.

"Huyu ni mume wako?" alimuuliza Magdaline.

"Mpaka sasa," Magdaline alisema.

Ile fomu ya wiki sita haikutajwa tena. Meneja alipiga simu makao makuu, akaongea Kiingereza kingi, na kabla ya saa ya chakula Nicanor Osewe alikuwa amefufuka. Ciru alimwita upande wa ndani wa kaunta, kwa sababu Osewe alitaka kuona skrini kwa macho yake, na akaona malipo yake yakihamishwa moja moja kutoka katika ile akaunti ya yatima, mpaka deni likawa sufuri.

"Tumemaliza," meneja alisema.

"Bado," Osewe alisema. "Mlimwandikia Khaemba kwamba ana deni langu. Mwandikieni kwamba hana. Mlimwambia Mzee Mbuthia kwa simu, naye mwandikieni. Mliponiua, mliwaambia watu. Sasa waambieni watu walewale."

Barua mbili zilipigwa chapa, zikapigwa muhuri. Meneja alitia sahihi kwenye mkopo mpya siku hiyohiyo, akitumaini, bila kuficha sana, kwamba ile elfu mbili ingerudi yenyewe. Osewe alimshukuru, akaahidi kuliwasilisha jambo hilo kwenye kamati. Aliliwasilisha. Kamati ilicheka, ikaendelea na ajenda iliyofuata.

Jumanne, siku moja kabla ya mwisho, Mzee Mbuthia aliishika barua mbali na macho, akaisoma taratibu.

"Inasema uko hai na hudaiwi."

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo ya kwanza hata mimi naiona. Hii ya pili ndiyo nilikuwa nangoja." Akahesabu kodi, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Kochi la kwanza lilitoka katika duka hilo baada ya wiki mbili. Lilikuwa la watu watatu, zima, halijakatwa popote, na mbao zile mbili za mlango ziliacha lipite bila kuligusa. Magdaline alikaa juu yake kando ya barabara kabla mteja hajafika, miguu ameinyoosha, kama mtu anayekagua mali ya urithi. Mbuthia alikuja akalizunguka, akalibonyeza sponji kwa kidole kimoja, akaketi upande wa pili.

"Nina swali," alisema. "Siku ukifa kweli, na kodi yangu haijalipwa, nitamdai nani?"

Osewe alikuwa anafuta vumbi kwenye miguu ya kochi. Hakuinua kichwa.

"Kodi sijui, mzee. Lakini kwa upande wa mazishi mchango umeshaanza. Benki imetoa elfu mbili, na risiti iko."